Kesi ya Msimu wa Ndege

Jumapili ile nilimfokea mama wa watu akiwa juu ya dungu lake, mbele ya binti yake, mashamba jirani yote yakisikia. Nilimuuliza kama anapenda mpunga kuliko mtoto aliyemzaa. Bado naona aibu mpaka leo. Lakini nikisimulia tulivyofanya msimu ule bila kuanzia hapo, nitakuwa najipamba.

Nilikuwa nimetoka Ifakara alfajiri kwa bodaboda. Barabara ya kwenda Mofu ilikuwa uji mtupu, na dereva alipoona pikipiki inazama akaniambia pale ndipo mwisho wake. Nikavua viatu, nikapandisha kitenge magotini, nikaingia mashambani kwa miguu. Nilikuwa nimebeba habari moja: Jumanne saa tatu asubuhi kesi ya yule binti inasikilizwa, na mwendesha mashtaka ameniambia wazi kwamba shahidi asipofika kwa mara ya tatu, ataiomba mahakama iiondoe. Mara ya kwanza walikwamishwa na maji yaliyofunga njia. Mara ya pili walikwamishwa na ndege.

Ndiyo, ndege. Kwa asiyelima mpunga hii ni sababu ya kuchekesha. Mwezi wa tano, mpunga wa bonde la Kilombero ukishatunga maziwa, kwelea-kwelea wanakuja kama wingu, na wingu hilo likitua kwenye shamba la mtu kwa asubuhi moja, jioni anavuna makapi. Kwa hiyo familia nzima inahamia shambani. Wanajenga dungu, yaani jukwaa la miti lenye paa la nyasi, mtu anapanda juu, anafunga kamba zenye madebe pande zote, anashika kombeo na vidonge vya udongo, na tangu jua linachomoza mpaka linazama kazi yake ni kupiga kelele. Tunaita kuamia ndege. Bonde zima linapiga kelele, kila mtu kwenye dungu lake, mwezi mzima.

"Dada, nimekuelewa," yule mama aliniambia kutoka juu, bila kuacha kuvuta kamba zake. "Lakini hapa tuko wawili tu. Nikiondoka kesho nikarudi Jumatano, nitakuta nini?"

Ndipo nikasema lile neno langu la mpunga na mtoto. Nikaendelea, maana mimi nikishawasha mdomo hauzimiki haraka. Nilimwambia mjomba wa mtoto, yule aliyeshtakiwa, anaomba Mungu wasifike. Nilimwambia kuna wanawake wangetambaa kwa magoti mpaka mahakamani. Yule mama alinigeuzia mgongo, akaweka kidonge kwenye kombeo, akakirusha mbali sana.

Binti yake, mtoto wa miaka kumi na tatu aliye darasa la saba, alishuka ngazi akaja kusimama karibu yangu.

"Anti, usimgombeze mama," alisema polepole. "Mwaka juzi ndege walikula zote, tukalala njaa. Mimi ndiye nilimwambia tusiende."

Nikaaga vibaya, nikaondoka.

Niseme nilivyoingia kwenye habari hii. Mimi ni fundi cherehani mjini Ifakara, nashona sare za shule. Na kazi yangu ina siri moja ambayo sikufundishwa na mtu: mtoto anayepigwa nyumbani hapimiki mabega. Ukimzungushia futi kifuani anatulia. Ukipitisha mkono nyuma ya shingo ili upime bega, anainama ghafla, anajikunja, halafu anacheka ili usijue. Nimewapima watoto wengi mpaka vidole vyangu vinajua kabla ya macho. Mtoto wa kwanza niliyemgundua hivyo nilimpeleka mwenyewe kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, nikitetemeka kuliko yeye. Leo tuko wanawake wanane, tunaitana kwa simu, tunajua milango yote: polisi, ustawi wa jamii, hospitali, mahakama. Hatuna ofisi. Tuna kibanda changu cha kushonea na benchi lake.

Binti huyu aliletwa na mama yake mwezi wa kwanza, kabla hajaenda shamba, nimshonee sare za darasa la saba. Sare zilipokuwa tayari alikuja kuzichukua peke yake, na shati halikumkaa. Nikashika futi nipime upya. Akainama. Nikamuuliza anaishi na nani sasa hivi. Akasema kwa mjomba, kaka yake mama, maana mama kahamia Mofu msimu mzima na shule iko mjini. Ndivyo tunavyofanya huku. Watoto wanaosoma wanaachwa mjini kwa ndugu, wazazi wanaonana nao mpunga ukishaingia ndani. Nikamwomba anioneshe mgongo. Sitauelezea. Nitasema tu kwamba mpira wa kumwagilia maji unaacha alama mbili mbili, na mgongo ule ulikuwa na za zamani na za jana.

Mjomba akakamatwa, akapata dhamana, akawa anapita mbele ya kibanda changu akinisalimia kwa sauti kubwa. Mtoto akapelekwa Mofu kwa mama yake, shule ikasimama. Na hesabu ilikuwa rahisi kabisa. Kesi ikifutwa, mjomba atakuwa mtu safi, mtoto ana mtihani wa darasa la saba, na mjini hawana ndugu mwingine. Angerudi nyumba ileile.

Sasa elewa kwa nini nilipandwa na hasira. Mimi mwenyewe nilikulia juu ya dungu.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, baba alishatangulia, nikachukuliwa na baba mkubwa. Alikuwa mtu wa kukaa benchi la mbele kanisani, mwenye sauti nzuri ya kusali. Msimu wa ndege aliniweka shambani peke yangu tangu asubuhi. Jioni alikuja kukagua. Alikuwa anashika suke la mpunga, anateremsha vidole taratibu, anabonyeza kila punje. Akikuta tupu ananitazama. Alitembea na kipande cha mkanda wa mashine ya kukobolea mpunga, kimekunjwa mfukoni, na ndicho alichonipigia. Nilikuwa na miaka tisa mpaka kumi na moja.

Nililia kwa nguvu zangu zote. Na kwa miaka mingi, nikihadithia, mahali hapa nilikuwa nasema sentensi ileile: hakuna aliyesikia, kwa sababu msimu wa ndege bonde zima linapiga kelele, na mtoto anayelia ni kelele nyingine tu. Nimeisema kwenye semina, nimeisema kanisani, nimeisema mbele ya mkuu wa wilaya. Watu wanatikisa vichwa, wengine wanafuta machozi. Niliamini kila neno.

Aliyeniokoa alikuja kunigombeza. Alikuwa mama wa Kisukuma, mwenye shamba linalopakana na letu. Siku moja sikuweza kusimama, nililala chini ya dungu, na shamba letu likawa kimya. Ndege wakajaa kwetu, wakishiba wanahamia kwake. Akaja mbio na fimbo, anatukana uvivu wa watoto wa siku hizi, akanikuta. Alitupa ile fimbo. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, na tulipotoka huko hakunirudisha. Wazee walikuja kwake na jogoo na maneno matamu, wakasema jambo hili tulimalize kifamilia. Aliwapikia yule jogoo, wakala, wakashiba, halafu akawaambia mtoto haendi. Huyo ndiye ninayemwita mama. Yuko hai, mzee sasa, ana mdomo kuliko mimi.

Basi Jumapili ile nilimpitia jioni nikiwa nimevimba. Nikamsimulia kila kitu, nikitegemea ataniunga mkono. Mama alikuwa anapura maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umetembea kote huko kwenda kumtukana mtu mwenye njaa," alisema.

"Sikumtukana, mama."

"Mpunga unahitaji mtu. Mahakama inahitaji mtu. Wewe una watu wanane. Ugomvi uko wapi hapo?"

Jamani. Miaka yote hii nimekuwa nikisindikiza watoto mahakamani, nikiwashika mikono, nikiwanunulia maji, na haijawahi kunijia kwamba kumsindikiza mtoto kunaweza kuwa ni kumlindia mama yake shamba. Nikachukua simu. Nilipiga kwa wote, nikiongea haraka mpaka mmoja akanisihi nipumue. Na jibu nililopata lilinichekesha: wanachama wangu wote ni watu wa mjini. Muuza chipsi, msusi, mama lishe, dada mwenye duka la kanga ambaye wazee wake walitoka Kilwa na hajawahi kukanyaga tope kwa hiari yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurusha kombeo.

"Mimi naweza kukaa na mtoto mahakamani," dada wa duka alisema. "Ila ndege, dada yangu, mimi ndege namjua wa kukaanga."

Kwa hiyo ikawa hivyo. Dada wa duka ataingia mahakamani na mtoto. Na mimi, mwenye mdomo, ninayejua makarani wote kwa sura, nitabaki Mofu nikipigia kelele ndege. Sikuwa nimepanda dungu tangu siku niliyobebwa mgongoni. Nilijiapiza sitapanda tena. Mama alisema tutaenda wote wawili, na hakuniuliza nasikiaje.

Jumatatu mchana tulifika. Nilipiga magoti kwenye tope lile mbele ya yule mama, nikamwomba radhi, na mimi kuomba radhi si kitu ninachofanya kila wiki. Alinitazama, akamtazama mama yangu mzee na kombeo lake shingoni kama mkufu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Alituonesha kamba ipi inavuta debe lipi, upande upi ndege wanaingilia, wapi ardhi inazama. Binti alinikabidhi vidonge vyake vya udongo alivyovikausha juani, kikapu kizima. Wakaondoka kuwahi gari kabla jua halijazama, mtoto amebeba viatu mkononi, na mimi nikabaki nikiangalia mgongo wake mpaka wakapotea.

Nikapanda. Ngazi ilikuwa na vipandio saba na kwenye cha nne nikang'ang'ania nguzo. Mama alikuwa ameshafika juu, anafunga kilemba. Hakunivuta. Alisema tu, "Ndege wa jioni hao," na kweli nikageuka nikawaona wanakuja kutoka upande wa mto, weusi, wanajikunja na kujikunjua angani. Mwili wangu ukasahau kuogopa. Nilimalizia ngazi sijui vipi, nikavuta kamba zote kwa pamoja, madebe yakalia, na sauti ikanitoka ambayo sikujua bado ninayo.

Niseme ukweli: nilifurahi. Niko na umri wangu huu, na mgongo unaouma asubuhi, nilikuwa naruka juu ya miti iliyofungwa kwa kamba za magome, nafoka kwa Kiswahili, kwa Kipogoro cha marehemu mama yangu mzazi, kwa Kisukuma cha matusi nilichofundishwa na huyu aliye pembeni yangu. Wingu la ndege likapinda, likapita. Mama akanipiga kibao cha mgongo cha furaha.

Jumanne tuliamka na giza la mwisho. Saa kumi na mbili ndege wakaja kwa hasira ya njaa, na mpaka saa tatu sikupata hata nafasi ya kumeza uji. Saa tatu ilipogonga nilijua kule mjini wanaita kesi. Simu ilikuwa inashika mtandao kwenye kona moja tu ya dungu, nikaining'iniza hapo kwa uzi, na kila nikirusha kidonge naitupia jicho. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya.

Saa sita ndege walipumzika, na kelele za bonde zikapungua. Ndipo nikasikia mtoto analia. Mbali, kama mashamba manne kutoka letu. Watu bado walikuwa wanapiga kelele huku na kule, mmoja anaimba, mwingine anagonga bati, lakini kile kilio kilipita katikati ya vyote, kiko peke yake, huwezi kukichanganya na kitu. Niliona vichwa vinageuka kwenye madungu mengine. Baba mmoja akaita, akajibiwa kwamba ni nyigu, kaumwa mtoto, na kila mtu akarudi kwenye kamba zake.

Nilikuwa nimesikia. Wote tulikuwa tumesikia, na mara moja.

Sikuwa nimemaliza kuwaza hilo simu ilipolia. Dada wa duka alikuwa anahema kama aliyekimbia.

"Ameongea," alisema. "Dada, ameongea yote."

Nilipiga ukelele mpaka mama akashika nguzo. Kwa sababu ni mtoto, hakimu aliwatoa watu wote, akamruhusu dada wa duka akae karibu naye. Binti aliahidi kusema kweli, akasema. Mwanzo sauti ilikuwa ndogo, karani akamwomba arudie. Akarudia. Halafu wakili wa mjomba akasimama na swali lake. Nyumba zile za mtaani zimebanana, ukuta kwa ukuta, alisema. Kama ulikuwa unapigwa hivyo, na ulikuwa unalia hivyo unavyodai, mbona hakuna jirani hata mmoja aliyesikia?

"Akajibu nini?" niliuliza.

"Akasema, walisikia."

"Basi?"

"Basi. Akasema walisikia, akanyamaza. Wakili akakaa."

Kesi ikasogezwa mbele ili upande wa mashtaka ulete mashahidi wengine. Mwendesha mashtaka alikuwa amemwambia dada wa duka maneno ya wazi: mtoto kafanya sehemu yake, lakini jirani mmoja tu akisimama, mjomba hana pa kutokea.

Nilikata simu nikiwa na machozi na kicheko kwa pamoja. Nikamgeukia mama, nikamwambia yote. Naye hakucheka. Aliendelea kufuta udongo kwenye kombeo lake kwa pindo la kanga, akifuta mahali ambapo palikuwa safi. Ndipo nikamuuliza. Sikupanga kumuuliza, swali lilitoka lenyewe.

"Mama, wewe ulikuwa unanisikia?"



"Nilikuwa nakusikia," alisema. "Msimu mzima. Na ule wa kabla yake. Tulikuwa wageni, tumekuja na ng'ombe, wenyeji hawatutaki. Nikasema ni mtoto wa watu, nitaanzia wapi. Siku ile nilikuja kwa sababu niliacha kukusikia."

Nilishuka. Nilizunguka shamba lile peke yangu alasiri nzima, nikiwafokea ndege kwa sauti iliyonikausha koo, na sikumsemesha mpaka yule mama na binti waliporudi kesho yake. Walikuta mpunga umesimama. Mama wa mtoto alipita akibonyeza masuke kwa vidole, na ilinibidi nitazame pembeni. Akasema, "Ndege wenu mmewanyima kabisa," akanikumbatia na tope lake.

Kwa mama yangu nilinuna siku tatu. Nilikuwa napita nyumbani kwake kwenda kibandani bila kuingia, bila hata shikamoo, kosa ambalo kwetu huku ni kubwa kuliko wizi. Sentensi yangu ya miaka yote, ile ya semina na kanisani, ilikuwa imekufa na sikuwa na nyingine. Siku ya nne nilisikia harufu ya perege wa nazi kutoka jikoni kwake, nikaingia, nikasalimia, nikakaa. Akanipakulia. Hatukuzungumza neno juu ya jambo lile, na nilikula sahani mbili.

Nilichokuwa sijui ni kwamba siku hizo tatu mama hakukaa bure. Kibandani kwangu alikuja mwanamke wa makamo, amejifunga kanga mpaka puani, akakaa kwenye benchi bila kusema anataka kushonewa nini. Baadaye akajitambulisha: nyumba yake na ya mjomba wa binti zinachangia ukuta mmoja.

"Kuna bibi wa Kisukuma amekuja kwangu mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza nilimfukuza. Mara ya pili akaniambia kitu alichomfanyia mtoto wake mwenyewe. Nataka kujua mahakamani wanaingilia mlango gani."

Nilisimama ghafla hadi kiti cha cherehani kikaanguka. Nilimpeleka siku hiyohiyo kwa mwendesha mashtaka, nikitembea mbele, ananiambia nipunguze mwendo. Tarehe ilipofika aliingia, akakaa ndani muda mrefu, akatoka na kanga imelowa machozi. Alikuwa amewaambia alisikia jioni nyingi, na kwamba alikuwa anaongeza sauti ya redio.

Hukumu ilisomwa baada ya mavuno. Hakimu alimkuta mjomba na hatia, akampa kifungo. Dada wa duka, mwanamke wa heshima zake, alipiga vigelegele nje ya mahakama mpaka askari akaja kumtuliza, na askari mwenyewe alikuwa anatabasamu. Muuza chipsi alikuwa analia. Mama wa binti alikuwa amenishika mkono akiuminya mpaka pete ikaniumiza. Kulikuwa na jambo lingine tamu: binti anahamia kwa dada wa duka, atafanya mtihani wake akitokea huko, msimu ujao mama yake aende Mofu na moyo wake umetulia. Mimi nilikuwa naongea na watu watano kwa wakati mmoja.

Binti alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, pembeni ya mama yangu mzee. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake.

"Mbona umenyamaza? Hufurahi?"

"Nafurahi, anti." Akachezea kifungo cha shati nililomshonea. "Siku ile nilimwambia yule wakili walisikia. Nilisema tu. Sikuwa na uhakika."

"Na ukawa umesema kweli."

"Ndiyo," alisema. "Bora yule jirani angesema hakusikia."

 Mama yangu ndiye aliyemjibu. Alimwambia taratibu, akiangalia mikono yake, kwamba na yeye alimsikia mtoto analia shambani, misimu miwili, na hakwenda. Kwamba mtoto huyo ndiye huyu anti wako, aliyechuchumaa hapo.

Binti alimtazama yeye, akanitazama mimi.

"Ulimfanya nini?" aliniuliza.

"Nilimnunia siku tatu. Halafu nikaenda kula kwake."

"Siku tatu tu?"

"Tatu."

Akatazama ng'ambo ya uwanja, ambako yule jirani alikuwa amesimama peke yake chini ya jua, hajui kama aje au aondoke.

"Mimi nitamnunia mwezi," alisema.

Nikamwambia ni haki yake, na ukiisha ataamua mwenyewe kama atamsalimia.